Ufunguo wa Sekunde Kumi

Ombaci dishi halisimami, linalala chali. Mgeni aliyezoea kuona madishi yamebanwa ukutani, yanatazama upeo wa macho, akifika kwetu hudhani yameanguka. Sababu iko kwenye ramani. Satelaiti iliyokuwa ikituletea mpira ilikaa juu ya ikweta kwenye nyuzi 36 mashariki, zaidi ya kilomita 35,000 angani. Arua nayo iko karibu nyuzi 31 mashariki na nyuzi tatu tu kaskazini mwa ikweta, kwa hiyo satelaiti ile ilikuwa karibu utosini mwetu. Dishi la Mjomba lilikuwa la zamani, la bati zito, upana wake futi sita. Alilinunua kwa shirika moja la misaada lililokuwa likifunga ofisi yake mjini Arua, wakati wakimbizi wa Sudan walipoanza kurudi kwao baada ya mkataba wa amani wa 2005. Mvua ya Agosti ilipoteremka, dishi lilijaa maji na kuku wa jirani wakapanda kunywa. Picha ikapotea. Fundi akabadilisha waya, akabadilisha kichwa cha dishi, akapokea malipo yake akaondoka, na picha isirudi. Mjomba akapanda mwenyewe na tindo na nyundo, akalitoboa kitakoni. Maji yakamwagika, mpira ukarudi, na tundu lile likabaki pale miaka yote.

Ombaci iko kilomita chache kaskazini mwa mji wa Arua, kwenye barabara ya kwenda Koboko. Ukitoka mjini unaiona kwanza misheni ya mapadre Wakomboni na miti yake mikubwa, kisha Chuo cha St. Joseph's, ambacho kila mzazi wa West Nile aliyewahi kuwa na mtoto wa kiume mwenye akili alikitamani, halafu senta yenyewe: maduka, vinyozi, mama wa mihogo, boda-boda zimepanga foleni chini ya mwembe. Miaka ninayoizungumzia barabara ile ilikuwa bado vumbi na mashimo, malori ya Sudan yakipita usiku na mchana kuelekea Oraba, na habari za lami tulizisikia kabla ya kuiona lami. Nyumbani tulisema Kilugbara. Ukifika Koboko unaingia kwenye Kikakwa, na Kinubi kiko kila mahali penye soko. Kiswahili kilikuwa lugha ya madereva, ya wazee waliopita jeshini, na ya mpira. Sijui nani aliamua hivyo, lakini mtu akitaka kumtukana refa kibandani alihamia Kiswahili.

Kibanda cha Mjomba kilikuwa nyuma ya duka lake la chumvi na sabuni. Kuta za mianzi, paa la mabati, ndani turubai lenye maandishi ya UNHCR lililozuia mwanga wa mchana, magogo ya mkalitusi badala ya viti, na televisheni mbili za mgongo mkubwa zilizowekwa juu ya kabati lenye kufuli. Siku za kawaida zilipigwa filamu zilizotafsiriwa na mavidijei wa Kampala. Wikendi ulikuwa mpira. Kiingilio kilipanda na kushuka kwa uzito wa mechi, na mimi, mpwa wake, nilikaa mlangoni na kopo la maziwa ya unga la kuwekea sarafu.

Umeme haukuwa wa kutegemea. Kampuni ya West Nile, WENRECO, iliyoanzishwa mwaka 2003, ilikuwa na jenereta lake mjini, na bwawa la Nyagak kule Zombo, lililosubiriwa miaka mingi, lilianza kutoa umeme mwaka 2012. Kwetu senta tuliwasha jenereta ndogo ya Kichina. Mafuta yake hayakutoka kituo cha mafuta. Yalitoka kwa OPEC Boys.

Msomaji wa mbali anahitaji kuelezwa hawa ni nani. Vijana wa West Nile waliokimbilia Congo na Sudan baada ya Amin kuanguka mwaka 1979 waliporudi nyumbani katika miaka ya themanini, hawakukuta kazi. Walichokuwa nacho ni kuijua mipaka kwa miguu. Wakaanza kuvusha petroli na dizeli kutoka Congo, wakaiuza barabarani kwenye jerikeni na chupa, wakajiita kwa jina la umoja wa nchi zinazouza mafuta duniani. Mengi ya mafuta hayo yalikuwa yamepita Uganda kwanza, yakiwa mzigo wa safari kwenda Congo usiotozwa ushuru wa hapa, kisha yakarudi kwa njia za panya kutoka upande wa Ariwara. Serikali iliwafukuza, ikawakamata, na wakati wa kura wanasiasa wakawafuata tena kuwaomba msaada. Arua nzima ilitembea kwa mafuta yao. Hata gari la mtoza ushuru, walisema wazee, lilinuka Congo.

Nimewataja kwa makusudi, maana Mjomba alipoanza kununua mpira wa magendo aliuelewa kwa akili ya mafuta. Bidhaa ni ile ile, alisema, imepita juu ya vichwa vyetu kwenda kwa wenye nacho, sisi tunaivuta irudi. Mawimbi ya satelaiti hayabagui paa. Yaliangukia bungalo za Kololo kule Kampala na yakaangukia mabati ya Ombaci. Kilichokosekana kwetu ni kadi.

Kabla ya hapo kulikuwa na msimu mmoja na nusu ambao kadi ilikuwa karibu na mfuko wa mtu wa kawaida. Mwaka 2007 kampuni ya GTV iliingia Afrika ikiwa imenunua haki za Ligi Kuu ya Uingereza, na bei yake ilikuwa ya chini kuliko ile tuliyoizoea. Vibanda vikachipuka barabara nzima hadi Koboko. Kisha, mwishoni mwa Januari 2009, katikati ya msimu, kampuni ilifunga milango na matangazo yakakatika siku hiyo hiyo katika nchi zote ilimokuwa. Ligi ikarudi kwa bei ya zamani. Madishi ya GTV hayakutupwa. Mafundi waliyageuza kutazama satelaiti nyingine, wanawake wakaanika humo mihogo.

Bei hiyo ya zamani ilikuwa kwa dola na kibanda kilikusanya sarafu za shilingi. Juu yake, kadi ya nyumbani haikuruhusiwa kibandani: aliyetoza kiingilio alitakiwa kulipia daraja la biashara. Vibanda vingi vya Uganda vilitumia kadi ya nyumbani na kuomba Mungu. Mjomba hakufika hata hapo.

Fundi wa dishi, yule yule wa maji ya mvua, ndiye aliyeleta kisanduku. Kilikuwa dekoda ya Kichina, nyepesi, na mbavuni kina tundu la kuingiza laini ya simu. Hakikuwa na kadi yoyote. Ulimlipa fundi kwa miezi, ukanunua salio la intaneti, ukasubiri taa ya kijani. Siku ya kwanza Mjomba aligeuza kisanduku huku na huku akitafuta kadi imefichwa wapi.

“Kadi iko wapi, fundi?”

“Iko, Mzee. Ila haiko hapa.”

“Iko kwa nani?”

“Hata mimi simjui.”

Hilo la kutomjua ndilo lililomsumbua Mjomba kuliko gharama. Katika magendo ya mafuta kila mtu anamjua aliye juu yake: mbeba jerikeni anamjua mwenye baiskeli, mwenye baiskeli anamjua mwenye stoo ya Ariwara. Hapa mnyororo uliishia kwa fundi, na baada ya fundi kulikuwa na namba ya simu ya Kampala, na baada ya Kampala hewa tupu.

Nilikuja kuelewa baadaye, kwa kusoma na kwa kufunguafungua mashine za watu, kilichokuwa kikitendeka ndani ya kisanduku. Picha ya televisheni ya kulipia huvurugwa huko huko inakotoka, kwa kanuni moja iliyokubaliwa Ulaya mwaka 1994 na kutumiwa na kampuni nyingi duniani. Kanuni hiyo haikuwa tena siri kubwa. Siri ni ufunguo, na ufunguo haukai: hubadilishwa kila baada ya sekunde kumi hivi. Ufunguo mpya husafiri pamoja na picha yenyewe, umefungwa kwenye bahasha ambayo dekoda haiwezi kuifungua. Kazi ya kadi, kazi yake hasa, ni kufungua bahasha hiyo na kuipa dekoda namba iliyomo. Namba yenyewe ni fupi kuliko ujumbe wa kuomba salio, na ni ile ile kwa kila anayetazama chaneli hiyo dakika hiyo, awe Nairobi au Lusaka. Basi mtu mwenye kadi moja iliyolipiwa, akiiunganisha na kompyuta iliyo kwenye intaneti, huweza kuinasa namba inapotoka kwenye kadi na kuigawa kwa mamia ya visanduku kama cha Mjomba. Hatumi picha, maana picha iko juu ya paa lako tayari. Anatuma namba, kisha namba nyingine, kisha nyingine, usiku kucha.

Hapo ndipo akili ya mafuta ilipogonga mwamba. Petroli ya Congo ukiifikisha kwenye jerikeni unaweza kuilalia usiku, ukaiuza kesho au wiki ijayo bei ikipanda. Ufunguo huu ulioza kabla hujameza mate. Magendo yaliyozoea kungoja giza na kumwacha askari apite yalijikuta yanabeba mzigo wenye uhai wa sekunde kumi.

Wenye mitambo walikuwa wameacha upenyo mdogo. Ili dekoda zao halali zisibabaike wakati wa kubadilisha, bahasha hutangulia: ufunguo wa zamu inayofuata unafika wakati wa sasa ungali unatumika. Biashara nzima ilipita katika upenyo huo. Kisanduku cha Ombaci kilipokea bahasha kutoka angani, kikaituma kwa simu hadi kwenye seva isiyojulikana iko nchi gani, kadi ya huko ikaifungua kwa sehemu ya sekunde, na namba ikarudi kwa njia hiyo hiyo. Nyaya za baharini zilikuwa zimefika Mombasa mwaka 2009, kwa hiyo hata safari ndefu ya kwenda Ulaya na kurudi haikuwa tatizo. Tatizo lilikuwa hatua ya kwanza, kutoka kibandani hadi mnara. Mtandao wa simu wa wakati huo ulikuwa wa taratibu, na Jumamosi jioni kila mtu Arua alikuwa hewani. Huko kwenye seva nako kulikuwa na foleni: kadi ni kitu kidogo, inajibu bahasha moja baada ya nyingine, na aliyeuza nafasi kwa watu mia akiongeza wengine mia hakumwambia mtu.

Namba ikichelewa, picha inaganda. Hili watu hawakulielewa, na niligombana nao mlangoni kila wiki: mpira wetu haukuja umechelewa. Ama ulikuwepo ama haukuwepo. Picha ilipokwama na kisha kuachia, haikuendelea pale ilipoishia. Iliruka hadi sasa hivi, na zile sekunde za katikati zilikuwa zimepita duniani bila sisi. Ng'ambo ya barabara kulikuwa na kibanda kingine, chenye kadi halali, mwenyewe ni mstaafu wa serikali. Skrini yetu ilipoganda na winga amenyanyua mguu kupiga krosi, tulisikia wa ng'ambo wakilipuka. Wateja wetu walijua goli limeingia kwa kusikia jirani anafurahi. Wengine walitoka mbio kwenda kuchungulia kule, wakafukuzwa, wakarudi kwangu wakidai chao.

Mjomba alibuni dawa kadhaa. Waya wa antena ya kisanduku aliurefusha akaufunga kwenye ncha ya mwanzi mrefu nje ya ukuta, na kijana mmoja aliingia bure kwa sharti la kuushika na kuugeuza kuelekea mnara kila nikipiga mluzi. Laini zilikuwa tatu za kampuni tofauti, zikibadilishwa kama mtandao wa hii umelemewa. Halafu sheria ya kibanda, aliyoiandika kwa mkaa kwenye kadibodi: picha ikiganda hadi mimi nihesabu thelathini, kiingilio nusu kinarudi. Aliyehesabu ni mimi. Nilijifunza kuhesabu polepole.

Katika majuma machache ya mwaka 2012 mpira uliamua kutujaribu. Tarehe 13 Mei Manchester City walihitaji magoli mawili dakika za nyongeza dhidi ya QPR kuchukua ubingwa, na Agüero akalipata la pili. Tarehe 19 Chelsea waliifunga Bayern kwa penalti palepale Munich. Mechi zote mbili tuliziona vipande vipande. Lakini usiku ninaoukumbuka ni wa Jumapili, tarehe 24 Juni.

Tarehe hiyo kwetu si tarehe tupu. Tarehe 24 Juni 1981, vita vilipokuwa vimerudi West Nile, maelfu ya watu walikuwa wamekimbilia misheni ya Ombaci wakiamini ukuta wa kanisa na bendera ya Msalaba Mwekundu vitawalinda. Askari wa serikali wa UNLA waliingia wakawapiga risasi. Waliokufa walikaribia mia moja, wengi wao wanawake na watoto, na waliojeruhiwa walikuwa wengi. Waliopona walivuka mpaka kuingia Zaire, kama ilivyoitwa wakati huo. Mjomba alikuwemo mle ndani, mtoto mdogo mgongoni mwa dada yake, ambaye ndiye mama yangu. Hakuwahi kunisimulia zaidi ya hapo. Alichofanya ni kufunga kibanda kila tarehe 24 Juni na kwenda kusali.

Mwaka 2012 siku hiyo iliangukia robo fainali ya mataifa ya Ulaya: Uingereza na Italia, huko Kyiv, saa nne kasorobo usiku kwa saa zetu. Vijana walianza kumlilia Mjomba tangu Ijumaa. Alikataa. Wakamwendea Bibi, wakijua neno lake Mjomba hawezi kulipita. Bibi alikaa kimya kitambo, kisha akasema mchana ni wa marehemu na usiku ni wa walio hai, wafunguliwe, ila asisikie kelele. Akisikia kelele moja hadi nyumbani kwake, atakuja mwenyewe na fimbo.

Kwa hiyo tulitazama mechi nzima kimya. Watu walijaza magogo, wengine wamechuchumaa mbele, mikono mdomoni. Vijana wote walikuwa Uingereza, kwa sababu wachezaji wake ndio waliowajua kutoka ligi: Rooney, Gerrard, Cole. Upande wa Italia alikuwepo katekista mmoja mzee peke yake. Alisomeshwa na mapadre wa Kikomboni, na kwake Italia ilikuwa nchi inayoleta dawa, daftari na baiskeli. Dakika 90 zikaisha bila goli, na za nyongeza pia. Jenereta ilikuwa imeongezwa mafuta mara ya pili. Penalti.

Balotelli akafunga, Gerrard akafunga. Montolivo akapiga nje, na watu wakashangilia kwa kupigana mapaja, bila sauti. Rooney akafunga. Uingereza mbele. Akaja Pirlo. Aliweka mpira, akarudi nyuma, golikipa Hart akiruka-ruka kwenye mstari na kukunja uso. Hapo picha ikaganda. Hart alibaki hewani, mdomo wazi. Nilipiga mluzi mdogo, nikasikia mwanzi unazungushwa nje. Ng'ambo ya barabara nako walikuwa kimya, maana agizo la Bibi lilikuwa limefika hadi huko, kwa hiyo hatukupata hata fununu. Nikahesabu. Picha ilipoachia, Pirlo alikuwa anatembea kurudi kwa wenzake, uso haujabadilika hata kidogo.

“Amekosa,” katekista akanong'ona kwa uchungu. “Aliyefunga hawi na uso ule.”

Pembeni ya skrini namba zilikuwa 2–2. Watu walizitazama, wakamtazama Pirlo, wakazitazama tena. Young akagonga mwamba, hiyo tuliiona. Nocerino akafunga. Cole akadakwa na Buffon. Diamanti akamaliza kazi, Italia 4–2, na katekista akasimama, akafanya ishara ya msalaba, akatoka bila kuaga. Kesho yake redioni tukasikia kwamba Pirlo aliuchopa mpira polepole katikati ya goli wakati kipa ameshaanguka upande. Hakuna aliyeamini. Penalti ya robo fainali, timu iko nyuma, nani anachopa? Niliiona kwa macho miezi mingi baadaye, kwenye simu ya mwenzangu mjini Arua. Nikamtafuta katekista nikamwonyesha. Aliitazama mara moja, akanirudishia simu, akasema mapadre wa zamani walikuwa hivyo hivyo, hawana haraka.

Msimu mpya ulipoanza, skrini ilikuwa nyeusi. Hakukuwa na kuganda tena, maana hapakuwa na cha kugandisha. Fundi alisema wamebadilisha, kesho itarudi. Kesho akasema seva inatengenezwa. Wiki ikapita. Namba ya Kampala ikawa haipatikani, na pesa za miezi iliyolipwa mbele zikaenda na maji.

Kilichotokea hakikuwa cha Ombaci peke yake. Kampuni za televisheni za kulipia, hapa na Ulaya, zilikuwa zimeshajua kwamba mwizi hashughuliki na kanuni wala na bahasha, anasimama mdomoni pa kadi akidaka namba inapotoka. Dawa ikawa kuifungisha ndoa kadi na dekoda yake. Kadi mpya ikifungua bahasha haitoi namba wazi. Inaitoa imefungwa upya kwa ufunguo ambao dekoda moja tu duniani inao, na aliyesimama katikati anadaka takataka. Kadi za zamani zinazimwa kwa amri kutoka angani. Fundi aliyajua haya kwa njia yake. Alisema wameziba mdomo wa chupa.

Kisheria hapana la kujadili: Uganda ina Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 2006 na kibanda chetu kilikuwa upande wake mbaya. Mjomba hakubisha hilo. Alichokuwa akikirudia ni kwamba askari wa ushuru ukimkimbia leo, kesho anakuwa yule yule, mwenye jina na tumbo na mtoto wa kulipiwa karo. Hawa wa sekunde kumi hakuwahi kuona hata kivuli chao. Walikuwa wanabadilisha kufuli mara sita kwa dakika, mchana na usiku, na hawakujua kwamba kuna Ombaci.

Alijaribu kushirikiana na mstaafu wa ng'ambo, wachange kadi moja ya biashara na kugawana siku. Walikubaliana kila kitu isipokuwa nani akae na kadi. Kisha akaja fundi, miaka miwili mitatu imepita, hana aibu, na habari mpya. Kuna vituo vya taifa vya nchi za mbali, alisema, vinavyorusha mpira kwa ajili ya watu wao, na ufunguo wao haubadiliki kila sekunde kumi. Huu ulikuwa mfumo mwingine, rahisi, uliotengenezwa na umoja wa watangazaji wa Ulaya kwa ajili ya kurushiana matangazo wao kwa wao: ufunguo mmoja, herufi na tarakimu kumi na mbili, unauandika kwa rimoti na picha inafunguka. Unakaa wiki, pengine mwezi. Mjomba alifurahi kama mtu aliyerudishiwa jerikeni zake. Huu ulikuwa mzigo anaoujua, mzigo wa kuwekeka. Aliuandika kwenye daftari la madeni ya sabuni, akalifungia kabatini.

Ila wenye vituo nao hawakuwa wajinga, walibadilisha siku ya mechi kubwa. Ufunguo mpya ulikuja kwa simu kutoka Koboko, kwa binamu mwenye kibanda karibu na njia panda ya Kaya, na ilibidi usomwe kwa kelele za jenereta mbili, ya kwake na ya kwetu.

“A ya Arua!”

“Arua, nimepata.”

“Nne. Saba. D ya Dadamu!”

“B ya Bondo?”

“D, wewe! Dadamu! Halafu E ya Ediofe, C ya Congo, C tena, F ya fedha!”

Ukikosea moja unaanza upya, na watu wamekaa. Picha yenyewe ilitoka kituo cha Asia ya Kati, watangazaji wakisema lugha ambayo hakuna aliyeijua, ingawa dereva mmoja mstaafu aliapa kwamba inafanana na Kinubi. Wateja walilalamika kwamba hawasikii majina. Mjomba akazima sauti na kumkodi kijana wa Kikakwa, mwanafunzi wa zamani wa St. Joseph's, akampa kipaza sauti cha filamu. Kijana yule alitangaza Kilugbara kipindi cha kwanza, Kinubi kipindi cha pili, na Kiswahili kwa refa. Alijua timu zote, majeruhi wote, na shemeji za makocha. Watu wa ng'ambo, wenye picha safi ya kadi na mtangazaji wa Kiingereza, wakaanza kuvuka barabara kuja kwetu.

Jumatano moja ya Ligi ya Mabingwa, dakika ya sitini hivi, skrini ikafunga. Walikuwa wamebadilisha ufunguo katikati ya mechi. Nilishika kopo la sarafu nikijiandaa kwa vita. Kijana wa Kikakwa hakunyamaza. Alitoa simu mfukoni, akampigia binamu wa Koboko, ambaye kwa usiku ule alikuwa kwa jirani yake mwenye kadi, akaweka simu sikioni na kipaza sauti mdomoni, akaendelea pale pale alipoishia. Mpira unatoka kulia, unakwenda katikati, anapiga chenga, anarudi nyuma. Watu walibaki wamekodolea kioo cheusi. Goli lilipoingia walirukana juu ya magogo, na Bibi alisikia hadi nyumbani kwake. Hakuna aliyedai nusu ya kiingilio. Walidai kitu kingine: kwamba yule mfungaji alikuwa ameotea, kwamba kijana alisema mwenyewe amesimama nyuma ya beki wa mwisho, na kwamba mshika kibendera amehongwa. Wapo Ombaci wanaobishana juu ya lile goli mpaka leo.